Mizizi ya Dada Mwajuma na Kidonge Changu

Jumanne. Upepo wa kipupwe umeupiga mtaa wetu wa Area D tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye shuka. Mifupa inauma, lakini moyo leo ni mwepesi, na sitaki siku hii inipite bila kuiandika.

Mnaonisoma hapa mnajua hali yangu. Saratani ya titi niliyodhani imekwisha imerudi, safari hii kwenye mifupa. Ni ile inayostawi kwa homoni za kike, kwa hiyo kila asubuhi nameza kidonge cha kuinyima hizo homoni. Sitapona. Kidonge kinaisogeza tu siku yangu mbele, nami nazitaka siku kinazoniongezea.

Juzi dada yangu Mwajuma alifika kutoka Chemba na kidumu cha dawa. Mizizi aliichimba mwenyewe, na goti lake lile bovu, akaichemsha hadi maji yakawa meusi. Ni dawa ya wanawake. Kwetu hupewa mzazi ambaye maziwa hayatoki, au mwanamke ambaye siku zake zimekatika mapema.

Nikaogopa. Kama kweli inafanya kazi hiyo, huenda inaamsha kilekile ambacho kidonge kinakilaza.

Lakini kwetu dawa iliyochimbwa na ndugu haikataliwi. Ukiikataa umemwita mchawi, hata kama hujafungua mdomo.

Nikiri. Nilipanga kupokea kikombe, kushukuru, kisha kumwaga akigeuka. Mwalimu mzima, niliyefundisha watoto wa watu kusema kweli.

Hakugeuka. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu akasubiri. Nikakizungusha kikombe mikononi bila kunywa, akaona. Akanipokonya kikombe, akapiga funda kubwa.

"Haya, nimeonja. Hakuna uchawi humo."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia simwogopi yeye, naogopa dawa mbili kugombana mwilini mwangu, na kwamba hospitali huniuliza kila ninachokunywa. Nikangoja anune. Dada Mwajuma akinuna, hununa hadi mavuno.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, dada."

"Basi twende kwa huyo daktari wako. Nitamwambia mwenyewe inachofanya."

Leo asubuhi tumekwenda kwa bajaji, kidumu mapajani mwake kama mtoto mchanga. Daktari ni binti wa rika la wajukuu zetu. Alitupa shikamoo zetu, akakaa kusikiliza. Dada akaeleza yote, mti, mizizi, maziwa, hedhi. Hakuficha kitu wala kujitetea.

Daktari hakucheka. Alisema hajui kilichomo, na hakuna aliyeipima kwa mgonjwa kama mimi. Ila kitu chenye sifa ya kuamsha homoni, au kinachoweza kupunguza nguvu ya kidonge, asingependa nikijaribu. Hata ule unga wa asili unaotangazwa kwenye simu kwamba unasawazisha homoni, huo nao anauogopa vilevile. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama.

Dada akakishusha kidumu sakafuni, akakisukuma mbali na miguu yangu.

"Kumbe ningekuwa namlisha adui."

Kisha akauliza habari za chakula, maana watu wameninyima kila kitu: mayai, maziwa, nyama, hata soya ya kwenye uji. Daktari akasema nile. Soya ya chakula cha kawaida haina neno. Niepuke ile iliyokolezwa kwenye vidonge na unga wa dawa. Nile mboga, maharage, nafaka isiyokobolewa.

"Na mlenda?" Dada aliuliza kwa wasiwasi wa kweli.

Na mlenda.

Tuliporudi alikimwaga kidumu chote nyuma ya banda la kuku. Jasho lake lote lile, na kilima alichokipanda kwa goti moja.

"Kuku wakianza kutoa maziwa, msinilaumu."

Nimecheka hadi mbavu zikauma, na mbavu zangu siku hizi si za kuchekea.

Mimi na vyeti vyangu nilitaka kumwaga kwa siri. Yeye amemwaga mchana, kila mtu akiona.

Jioni amenisongea ugali wa uwele na mlenda. Nimekula, nikaomba kuongezewa. Amejifanya hakusikia ili niombe tena.

Nimewasifu watu wengi kwenye ukurasa huu. Dada yangu sijamsifu hata mara moja, wala hajawahi kusikia kinywani mwangu kwamba tangu utotoni nimetamani kuwa na moyo kama wake. Sitaki kuondoka na maneno hayo tumboni. Nitamsomea haya kesho kabla hajapanda basi, pumzi ikinitosha.

Sasa hivi amekaa mlangoni anajikanda goti. Ameuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia, habari zako.

"Basi andika kwamba nilionja mimi kwanza."

Nimeandika, dada.