Mashine ya Maji ya Chumvi

Jumatatu. Mawingu yamejaa upande wa mlima tangu asubuhi lakini mvua haitoki, joto tu. Hata mbingu imenuna leo.

Wanaosoma hapa wananijua: shule sikuifikia hata mlango. Hii simu naiambia, yenyewe inaandika, na mjukuu wangu Wani ndiye aliyeniwekea hiyo kazi ndani yake, akasema nisikae na maneno kifuani. Leo maneno yenyewe ni yake. Kama atasoma, asome.

Nina hasira.

Nianzie Jumamosi. Jumamosi tulimaliza kulijengea kaburi la binti yangu Keji, mama yake Wani, hapa uani kando ya ukuta. Huku kwetu wengi tunawazika nyumbani, na kaburi halihesabiki limekamilika mpaka lipigwe saruji na watu waitwe wale, waombe. Wani alikuja kutoka Mombasa kwa mazishi, akabaki mpaka mvua zikapita na kiangazi kikaja. Saruji aliichanganya kwa mikono yake. Akailainisha juu kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Watu walikula, wakaondoka, na mimi nikakaa kwenye kiti nikimwangalia akiosha ndoo. Nikasema moyoni, huyu sasa ni wa hapa. Nitazeeka na mtu nyumbani.

Nilijidanganya, na yeye alinisaidia kujidanganya.

Yeye alikuwa amesema atafanya kazi mtoni. Wako wazungu hapa Juba, tunawaita hawajaga, wageni hawa wa maofisi, wanaopenda kuvua sangara kwa fimbo siku zao za mapumziko. Angewapeleka. Kazi anaijua. Babu yake, mume wangu, wakati wa vita tulipokuwa wakimbizi Kenya, alikuwa baharia kwenye boti za watalii wanaovua bahari kuu, na mimi nilikuwa nakaanga samaki pale boti zinaposhukia. Wani amekulia kwenye boti hizo. Sisi watu wa mto tulijifunza bahari kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kusimama.

Basi leo asubuhi akaja kwangu chini ya rakuba, kibanda changu cha kivuli, na simu mkononi. Anataka kununua rili, ile mashine ya kuzungushia mshipi inayokaa kwenye fimbo. Si za mchezo. Moja bei yake ni fahali mzima. Sikumgombeza, kwa sababu kazi nzuri inataka chombo kizuri, na kwa sababu nilifurahi. Aliniuliza mimi, Haboba wake, yaani bibi yake. "Haboba, wewe ungechukua ipi?"

Mtu mzee akiulizwa hivyo anakuwa mtoto. Nikavaa miwani, nikazipekua picha moja moja. Nikamchagulia ndogo nyepesi, yenye bobini ndogo, ile sehemu inayozungushiwa mshipi. Nikamwambia sangara ni mzito lakini hana mbio, anavuta kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini, halafu anachoka. Wewe unasimama kwenye mawe unarusha chambo kutwa. Ukibeba chuma kikubwa, mkono utakufa kabla ya saa sita. Akasema ndiyo Haboba. Lakini kidole chake kikarudi kwenye ile kubwa. Nikamweleza tena, akaitikia tena, kidole kikarudi palepale.

Sikukielewa kile kidole.

Tukaenda soko la Custom kwa Mganda mmoja anayeagiza vitu kutoka Dubai. Tunamwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha. Mtu wa maneno mengi, na mapenzi pia anayo. Alinipanguzia kiti kwa shati lake mwenyewe, akaniita Jaja, bibi kwa lugha yao.

"Jaja, kaa hapa. Hii kijana nachagua iko kali sana. Maji ya chumvi haiingii hata kidogo. Inaanguka ndani ya bahari, unatoa, unaendelea na kazi."

"Bahari gani?" nikamwuliza. "Mto wetu umeingia chumvi lini?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Jaja naye. Mto ya nini? Mzigo ya kijana haikuji hapa Juba. Yeye alisema tunaachia yeye Mombasa, anaenda nachukua mwenyewe."

Wani alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nimeishi miaka mingi na nimepokea habari mbaya nyingi, lakini hazikuwahi kuletwa na mtu anayecheka.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Haboba, nahodha wangu wa zamani alinipigia, akaniambia boti mpya..."

"Sikuuliza boti. Nimeuliza tangu lini."

"Kabla ya Jumamosi. Nilitaka kaburi liishe kwanza. Nisikuachie kazi."

"Kwa hiyo ulikuwa unapiga plasta na begi lako umeshalifunga."

Ssalongo akaona duka limepoa, akajaribu kuleta mzaha. "Jaja, wacha tu. Kijana iko kama kuku ya nyumbani. Jioni inarudi."

Nikamwambia, "Wewe nyamaza. Mapacha wako bado wananyonya. Utakuja kuongea siku wakikuacha."

Akarudi kwenye daftari lake. Nilijuta kidogo, maana ni mtu mwema. Kidogo tu.

Nikasimama niondoke. Nilitaka kutembea mpaka nyumbani peke yangu, kila mtu wa Custom anione nimeachwa. Nimefika mlangoni nikamsikia Wani anamwambia Ssalongo aache ile kubwa, alete ile ya kati ya bei nafuu, itamfaa kwa yote: kurusha, kushusha kwenye kina, na kuvua samaki changu ndani ya mlango wa bahari.

Nikarudi nikakaa. Mungu ananijua, sikutaka kukaa.

Babu yake alinunua mashine ya bei nafuu ya kufanya yote. Chumvi iliingia ndani polepole, hakuna aliyeiona. Siku moja kolekole akashika chambo, akakata mbio kuelekea kwenye miamba, na breki ya mashine, ile inayotoa mshipi samaki akivuta, ikaganda. Mshipi haukutoka. Ulikuwa umemzunguka mkononi. Nilimzika mume wangu bila kidole cha shahada, na Wani kidole hicho hakuwahi kukiona. Alimjua babu yake hivyohivyo, akadhani babu wote wako hivyo.

Basi nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri: "Huyo nahodha anakutaka kwa uvuvi upi? Usiniambie yote."

Akasema siku nyingi ni kurusha chambo cha juu, kile kinachopiga maji kama samaki mdogo anayekimbia, kwa kolekole na jodari. Siku nyingine bahari ikitulia wanateremsha chambo cha chuma mpaka chini kwa chewa, wanakivuta juu kwa kukirukisha.

Nikamwambia changu wa mlango wa bahari amsahau. Huyo ni samaki wa kupumzikia, atamvua kwa mashine ya kuazima. Kwa kurusha tu, ungechukua yenye giya ya haraka, chambo kikimbie juu ya maji. Kwa kushusha chuma unataka giya nzito, mpini wenye kishikio cha mviringo kinachojaa kiganjani. Mwenye uwezo ananunua mbili. Wewe unanunua moja, basi chukua ile kubwa ya giya nzito. Kurusha utajilazimisha kuzungusha zaidi, utachoka mabega, utalala. Lakini samaki mkubwa akishaelekea kwenye mwamba, mbio za mkono wako hazisaidii. Hapo unataka nguvu. Na umwambie Ssalongo aongeze bobini ya pili yenye mshipi mnene, ubadilishe siku ya chewa.

"Na ile nyepesi ya mtoni?" akauliza. Sijui kwa nini aliuliza.

"Ya mtoni ya nani?"

Ssalongo akaandika ile kubwa. Wani akataka kunishika mkono tukitoka. Nikaupeleka mkono kwenye mfuko wa vitunguu nilivyokuwa nimenunua njiani.

Tulipokaribia mtaa wa Malakia ndipo nikaanza kumwelekeza, kama vile nampigia kelele dereva. Ukirudi kutoka baharini kaza breki kwanza, maji yasiingie. Suuza kwa maji matamu, taratibu, usiipige na bomba la nguvu maana unaisukumia chumvi ndani. Futa kwa kitambaa. Halafu legeza breki ilale imelegea. Kila jioni. Hata ukiwa umechoka, hata kama wenzako wameshakwenda kula. Mashine ikiwa ghali haijioshi.

"Nitaiosha, Haboba."

"Babu yako pia alisema hivyo."

Nilijua ni maneno mabaya. Niliyasema.

Sasa jua linakaribia kuzama, nimekaa uani, na hasira bado iko. Sitaidanganya simu. Nimezika mume, nimezika Keji, na huyu aliye hai ananiaga kwa kununua mashine. Wanawake wenzangu wataniambia nishukuru ana kazi, Juba vijana wangapi wana kazi. Najua. Waje wao walale kwenye nyumba hii washukuru.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki ya kwenda. Angeniambia ningepiga kelele siku nzima, halafu ningemkaangia samaki wa safari. Kumbe aliziogopa kelele zangu kuliko alivyoitumainia sufuria yangu. Hilo ndilo sijui nimlaumu nani.

Saruji mbichi inataka kumwagiliwa kila jioni, la sivyo inapasuka. Tangu Jumamosi alikuwa anamwagilia yeye. Leo nilikuwa nimeshainuka na jagi kabla hajatoka ndani, akanikuta nimeinama juu ya mama yake. Akaleta ndoo yake, akasimama upande wa pili. Tukamwaga maji, yeye huku, mimi huku, mpaka pote pakawa peusi kwa unyevu.

Huko atakuwa anaosha chumvi kila jioni. Mimi hapa nitakuwa na jagi langu. Angalau jioni yetu itakuwa moja.

Sijamsamehe. Chakula chake nimekifunika, kiko jikoni, na kipande cha kichwa cha samaki nimemwachia kwa sababu anakipenda. Kesho nitaamka niwashe jiko, na simwulizi anaondoka lini. Safari hii aniambie mwenyewe.