Mikono Iliyofundishwa na Kinu

Mke mwenzangu Atupele,

Huku Ihanda tu wazima. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, na babu yako, mume wetu, anajisifu kana kwamba kazaa yeye.

Unauliza nilijifunza wapi kupiga ngumi, maana kuna mwanamume anakuvizia njiani ukitoka kazini hospitali. Nilijifunza kinuni. Mimi na dada yangu Tabu tulitwanga mahindi katika kinu kimoja, michi miwili ikipokezana. Ukishusha wako, inua upesi, maana wa mwenzako unakuja.

"We, umelala? Nitakuvunja vidole!" Tabu alinifokea kila nilipochelewa. Tulitwanga hivyo misimu mitatu, mpaka mikono ikajua bila kuambiwa.

Ndipo siku moja nyapara, msimamizi wa vibarua wa barabara, akanikamata mkono kisimani. "Twende, kitoto. Utanikataa mimi?" Kabla sijawaza, ngumi yangu ilishafika puani kwake na kurudi. Alipotaka kuidaka alidaka hewa, nami nilikuwa mbali nakimbia.

Akanishtaki, na barazani wazee walimuuliza baba ni nani aliyenifundisha kupiga. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule nyapara kwa nini alinishika. Hilo linaniuma hadi leo.

Basi tafuta mwenzako unayemwamini hapo hospitali. Simameni uso kwa uso, mpokezane mikono polepole, kisha upesi. Piga, rudisha mkono, kimbia. Usibaki kutazama umempata wapi.

Na wakikuita barazani, niandikie. Nitakuja, na lile swali nitaliuliza mimi.

Bibi yako