Mto Uliojaa Wakati wa Jua

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo lakini bado anagombana na mbuzi.

Unasema wewe na marafiki zako mnataka kwenda kuvua kambare msimu ukianza, na kila mmoja anataja wiki yake. Unaniuliza siku nzuri mtaijuaje. Nisikudanganye, hata mimi ilinichanganya.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, huku bondeni karibu na Kitangiri, mimi na rafiki zangu Mwajuma na Eliza tulisuka migono ya kutegea kambare. Kule kwetu juu, upande wa Kiomboi, tulikuwa tunakwenda mtoni kumbikumbi wakisharuka. Basi tukasubiri kumbikumbi. Hawakuruka. Mwajuma akasema tutazame mawingu. Eliza akasema hapa hata mawingu hatuyajui. Tukanuniana.

Asubuhi moja, jua kali na vumbi tupu, tukasikia mto unanguruma. Kufika, maji yamejaa hadi ukingoni na kambare wanapanda. Tulitega huku tumeduwaa, tukiulizana mvua imenyesha wapi.

Maji yalikuwa mekundu, na udongo wa huku bondeni ni mweusi. Eliza alichota tope kiganjani, akalitazama kwa muda mrefu.

"Hili ni la mashambani kwetu kule juu," akasema.

Kwa hiyo ulizeni kwanza mto wenu unatoka wapi. Migono yetu ilijaa siku ile, na mpaka leo sijui kama tulifurahi.

Ni mimi bibi yako,
Nyamumwi