Nimeficha Glavu Alizofumiwa na Marehemu Mkewe

Mshauri wetu,

Nisaidie, maana nimeanza kuogopa kuingia nyumbani kwangu mwenyewe. Nilipochukua kalamu nilitaka kukuuliza tu ni glavu gani zinamfaa mtu anayeendesha mashua ya tanga wakati wa baridi, nikaandika ukurasa mzima wa glavu na soksi na kofia, kisha nikauchana, kwa sababu yaliyokuwemo yalikuwa kweli lakini hayakuwa yote.

Mume wangu anaitwa Carlton Wescott, ana miaka sitini na mbili, tulioana miaka minne iliyopita hapa Rhode Island, na kila Jumapili kuanzia Novemba mpaka Machi, wakati watu wengine wameshafunika mashua zao kwa maturubai, yeye na wenzake wa klabu wanashindana bandarini kwa mashua ndogo za watu wawili wawili, theluji ianguke isianguke. Mke wake wa kwanza, Harriet, alikuwa mwenzake katika mashua hiyo kwa miaka ishirini na miwili mpaka saratani ilipomchukua, na mimi nilipoolewa nilijiapiza kwamba sitakuwa mke wa kukaa garini na hita imewashwa nikimtazama mume wangu kwa darubini, kwa hiyo nikajifunza, mimi mtoto wa Kireno niliyeijua bahari kwa upande wa sufuria tu, na huu ni msimu wangu wa tatu.

Harriet alimfumia glavu za sufu, zile ambazo kidole gumba kinakaa peke yake na vinne vinakaa pamoja, za buluu zenye mstari mweupe kwenye kifundo, na kwa miaka yote hii zimelika viganjani mpaka ukiziinua dirishani unaona mwanga upande wa pili, na bado ndizo anazovaa. Watu wa klabu wakimwona wanamuuliza, "Carlton, glavu za Harriet bado zipo?" naye anainua mkono juu kuwaonyesha, wanacheka, na mimi nainama kupanga kamba ambazo zimeshapangwa. Siku yake ya kuzaliwa nilimnunulia glavu nzuri za mpira mzito kama wanazovaa wapiga mbizi, akanibusu, akasema ni nzuri sana, akaziweka kwenye droo, na mpaka leo ziko kwenye droo.

Jumapili ya pili ya Januari upepo ulikuwa mkali na sisi tulikuwa tunakata kona ya boya la mwisho, na mashua ikaanza kulala upande, nikamwambia, "Achia kamba ya tanga." Akanijibu, "Nimeachia." Nikageuka nikaona bado ameishika. Nikamwambia tena, "Carlton, achia," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, si nimeshaachia." Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kiasi kwamba hakujua kama una kitu ndani. Tukapinduka. Tulikuwa tumevaa suti zisizopitisha maji kwa hiyo miili yetu ilibaki mikavu, lakini boti ya uokoaji ya klabu ilipofika hakuweza kushika mkono alionyooshewa, ikabidi wamvute kwa mikanda ya jaketi la kuokolea kama mzigo, na hospitalini daktari akamwambia ncha za vidole viwili zimeumia, apumzike Jumapili moja, na ikitokea tena anaweza kuvipoteza. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Safari ijayo nitazikausha vizuri zaidi." Glavu, yaani. Kana kwamba tatizo lilikuwa kuzikausha.

Jumanne iliyofuata zilikuwa juu ya hita sebuleni, yeye ametoka kununua mkate, nikazichukua nikazitia kwenye buti la gari langu, chini ya tairi la akiba. Aliporudi akauliza, "Umeziona glavu zangu?" Nikasema sijaziona. Akasema, "Nadhani niliziweka hapa." Nikasema labda ulidhani tu, labda ziliangukia gatini. Mshauri, nililisema neno hilo bila kulifikiria na sasa siwezi kulirudisha, kwa sababu tangu siku hiyo amesogeza friji, amefungua masanduku ya darini, ametembea ufukweni maji yakipwa, na fimbo mkononi, akipekua mwani, na juzi alikaa kwenye benchi la viatu akaniambia, "Delphine, nakumbuka kabisa nikiziweka pale. Baba yangu alianza hivihivi." Nikampa supu ya sukuma na soseji. Ndicho nilichokifanya.

Binti yake Meredith alinipigia kutoka Boston akasema, "Baba ananipigia mara tatu kwa siku kwa sababu ya hizo glavu, sijamsikia hivi tangu mazishi. Una uhakika hukuzifua zikachanganyika na nguo nyingine?" Nikamwambia nina uhakika, na kwa hilo tu sikusema uongo.

Leo ni siku ya tisa, na Carlton anasema Jumapili hii anarudi majini, na kama glavu hazijapatikana ataenda mikono mitupu. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilizichukua kwa ajili ya vidole vyake. Lakini nilipofunga lile buti la gari nilijisikia vizuri, na ule uzuri haukuhusu vidole vya mtu yeyote. Je, nizirudishe kimyakimya nyuma ya hita ili aonekane amezipata mwenyewe? Nimfumishie nyingine zinazofanana? Au ninyamaze mpaka asahau? Na naomba pia uniambie glavu zipi zinafaa, kwa sababu hilo nalo ninalitaka kwa dhati.

Delphine Arruda Wescott

MSHAURI ANAJIBU

Delphine dada yangu, uliileta barua yako ofisini kwetu Alhamisi asubuhi, na kwa kuwa Jumapili ilikuwa karibu sikusubiri gazeti. Nilikupigia simu. Sasa nayaandika kwa kuwa wewe na Carlton mmekubali yachapishwe, na kwa kuwa nawajua watu wa pwani hii: kuna droo nyingi zenye glavu mpya.

Niliyokuambia kwenye simu nayarudia hapa. Wivu wako sikuulaumu. Umeolewa na mtu mwenye miaka ishirini na miwili ya mtu mwingine, na unakaa kila Jumapili mahali alipokaa yeye. Asiyeona wivu hapo labda hampendi mumewe. Hofu yako pia ilikuwa ya haki. Nilipika kwenye meli ya uvuvi miaka kumi na moja na nimeona mikono ya wanaume waliodhani baridi itawaonea haya. Lakini mwanamume ambaye baba yake alipotewa na kumbukumbu alikaa mbele yako akakuambia anaogopa kichwa chake kinaharibika, wewe ukiwa na jibu kwenye buti la gari, ukampakulia supu. Hapo ulikosea, na ulikosea vibaya. Kuzirudisha nyuma ya hita kungekuwa kumwibia mara ya pili, maana angezipata glavu na kubaki na ile hofu. Nikakuambia uzitoe leo hiihii, umpe mkononi, useme umefanya nini, na usiweke neno "lakini" mwishoni.

Ulinipigia kesho yake. Ukaniambia ulifanya hivyo jikoni, amesimama, na kwamba alizigeuza zile glavu mara mbili tatu, akatoka akaenda gereji akakaa huko saa nzima. Aliporudi akakuambia jambo ambalo mimi na wewe hatukulijua. Harriet ndiye aliyekuwa nahodha wa ile mashua. Glavu zile alimfumia azivae nchi kavu, asubuhi za kusubiri gatini klabu iamue kama upepo unafaa, na yeye mwenyewe alimkataza kwenda nazo majini. "Nilianza kuzivaa majini baada ya kumzika," alikuambia. "Nilijua hazifai. Nilikuwa sitaki kuwa na mikono inayofaa." Halafu akakuambia, "Glavu nimezipata. Lakini siku tisa nilidhani naugua kama baba, na ulikuwa unanitazama."

Uliniuliza ujibu nini, na nilichokuambia ndicho hiki. Hakuna cha kujibu, dada. Ana haki. Usimwombe msamaha kila asubuhi mpaka aanze kukufariji wewe, na usitafute mtu wa kukuambia kwamba ulifanya kwa mapenzi. Mpigie Meredith wewe mwenyewe, kabla baba yake hajampigia. Atakukasirikia, mwache akasirike. Na Carlton akikaa kimya wiki mbili, wewe pika, ongea mambo ya kawaida, kaa karibu. Ameanza kukusimulia habari za Harriet ambazo miaka minne hakukusimulia. Msikilize mpaka amalize.

Sasa nakujibu lile swali la ukurasa uliouchana, maana lilikuwa swali zuri, na daktari hajakosea.

Usimnunulie tena glavu za kumshtukiza. Nendeni dukani pamoja, achukue kamba ajaribu kuishika na kuiachia akiwa amezivaa. Glavu za mpira mzito ziwe kubwa kidogo kuliko mkono, kwa sababu zikibana damu haifiki, na kidole kisichofikiwa na damu kinaganda hata ndani ya glavu ya bei mbaya. Ndani yake avae glavu nyembamba za sufu. Beba jozi tatu kwenye mfuko usioingia maji na mbadilishane kati ya duru na duru, na uweke themosi ya maji ya uvuguvugu. Watu wazima wa klabu yenu wanajua kumimina kidogo ndani ya glavu za mpira kabla ya kuzivaa, na hakuna aibu kuwaiga. Pamba iacheni nyumbani yote, hata soksi, maana pamba ikilowa inakunyonya joto. Sufu hata ikilowa inabaki na ubinadamu, haikunyimi joto. Soksi iwe moja nene, si mbili. Ukizipandanisha viatu vinabana na miguu inaganda kama vidole. Skafu msivae kabisa mashuani, inaweza kunaswa na kamba ikamkaba mtu. Vaeni shingoni ule mfuko wa sufu unaovutwa mpaka puani. Kofia ifunike masikio, iwe nyembamba ili iingie chini ya kofia ya suti. Na angalieni shingo na vifundo vya mikono kabla ya vyote, kwa sababu upepo ukiingia hapo, vidole ndivyo vinavyolipa.

Vidole vikipauka, msivisugue wala msiviweke juu ya hita. Maji ya uvuguvugu, taratibu, na vikibaki vyeupe mwende kwa daktari siku hiyohiyo.

Za Harriet azivae gatini, kama zilivyokusudiwa. Watakaouliza watajibiwa na Carlton, si wewe, na wewe huna haja ya kuinamia kamba.

Jumapili hii, kama nilivyokuambia kwenye simu, msiende. Inayofuata, kama daktari ameruhusu na kama Carlton anakutaka kwenye ile mashua, nendeni, ila kwanza mkubaliane jambo moja mkiwa mezani, si majini. Kabla ya kila duru kila mmoja avue glavu moja, aguse kidole gumba kwa kidole cha mwisho, mwenzake akiona. Ambaye kidole hakifiki, mashua inarudi gatini. Akikuambia yuko sawa, usimbishie, na usimwamini. Shika usukani wewe, geuza, rudini.