Nimeona, na Mungu Anaona

Sfax,
21 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi Mongia,

Pokea salamu zetu sote, na za Idi pia ingawa zimechelewa. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Montreal? Mama anasema ulipopiga simu ulikohoa mara tatu, na unamjua, yeye huhesabu. Sisi hatujambo. Idi tulikula samaki wa chumvi na sharmula, mchuzi wetu wa vitunguu na zabibu kavu, kama kawaida, na mdogo wangu Nizar alimaliza ya kwake akaingilia ya wageni.

Shangazi, nakuandikia kukushukuru. Barua yangu ya Februari ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa, nawe ukanijibu mstari mmoja tu: "Kabla hujaandika jina la mtu, kale naye." Nilinuna siku nzima. Nilitaka ushauri, nikapewa chakula.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Kampuni yetu ya mafuta ya zeituni ilikuwa imenunuliwa na wageni, nami ndiyo kwanza nimefanywa mkuu wa kitengo cha sheria, watu sita na makabati ya karatasi. Wenye mali wapya walitaka kila mkataba uwe na maandishi: nani ameusoma, ameona kasoro gani, kwa nini ameupitisha. Wana haki. Kuna mnunuzi aliyelalamika kwamba lebo ilisema mafuta ya shamba moja, kumbe yalichanganywa ya mashamba mengi. Basi Bi Chiraz, mkaguzi waliyemleta, akanipa wiki mbili niandike ripoti ya nani aliupitisha mkataba ule. Atakayetajwa ataondoka.

Pembeni mwa mkataba palikuwa na mwandiko wa Mzee Ferjani, msomaji wa mikataba katika kitengo chetu: "Nimeona, na Mungu anaona." Miaka ishirini na sita ameandika "Nimeona" kwenye kila faili. Hilo la Mungu huliongeza mara mojamoja, nasi tulikuwa tukimtania kwamba siku hizo katoka msikitini.

"Mungu tumwache," akasema Bi Chiraz. "Huyu mzee, alisoma au aliona tu?"

Mzee alibakiza miezi minane astaafu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ndipo nikaukumbuka mstari wako. Nikachukua mkate wangu na bakuli la dengu, nikaenda kukaa mezani kwake. Alinitazama kana kwamba nimekuja kupima chumba chake nimpe mwingine. Tulikula kwanza, halafu nikamuuliza.

"Binti yangu," akasema, huku akifuta bakuli kwa mkate, "unadhani namtaja Mungu kwa ajili ya chupa za mafuta? Niliyoyasoma nikaridhika, nimeona. Niliyoyakataa nikaambiwa nyamaza, pitisha, hayo ndiyo Mungu anayaona. Ningesemea wapi? Mkurugenzi wa zamani sikio la 'hapana' hakuwa nalo."

"Na ule wa lebo?"

Akaacha kutafuna. "Ule uliniletea wewe."

Shangazi, nikakumbuka yote. Miaka minne nyuma nilisimama pale pale mezani na faili mkononi, gari la mkurugenzi likinguruma nje. Mzee akaniambia maneno ya lebo si ya kweli. Nikamjibu, "Weka tu neno lako, Mzee, tutarekebisha baadaye." Baadaye yenyewe haikufika. Na alipoandika la Mungu, nilicheka.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ulikuwa kijana. Halafu ukawa mkuu."

Nilitoa mafaili yote yenye neno lile. Yalikuwa kumi na tisa, na yote kumi na tisa yalikuwa na kasoro kweli. Mzee yule alikuwa ametuonya miaka yote, sisi tukidhani anaomba dua. Niliandika hivyo kwenye ripoti, na kwenye mkataba wa lebo nikaandika jina langu. Niliogopa sana. Mama ananitegemea, na cheo chenyewe kilikuwa bado kina harufu ya rangi.

Bi Chiraz alisoma mpaka mwisho. "Hili lako hakuna aliyekuwa analijua," akasema.

"Mzee alikuwa analijua," nikajibu.

Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili. Sikufukuzwa, kwa kuwa nilijitaja mwenyewe, wala Mzee Ferjani hakuguswa. Siku hizi kwenye fomu yetu ya kupitishia mikataba kuna nafasi ya kuandika "Sikubali" na sababu zake, na hakuna mkubwa anayeruhusiwa kuifuta, hata mimi. Wenzangu waliiogopa nafasi hiyo. Kwa wiki tatu ilibaki tupu.

Juzi nilipeleka rasimu yangu ya kanuni mpya za lebo. Niliiandika kwa fahari. Imerudi na mwandiko ninaoujua: "Nimesoma. Sikubali." Chini yake sababu tatu, zote za kweli. Mungu hakutajwa popote. Nilifunga mlango, nikacheka, halafu nikalia kwa shukrani.

Msalimie Mjomba Raouf na watoto. Mama, Nizar na jirani yetu Bi Latifa wanakusalimu. Mungu akupe afya ya goti na umri mrefu, uzidi kunijibu kwa mstari mmoja.

Mimi mwanao, nikupendaye hata ninaponuna,
Raoudha