Mboni za Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kile kikohozi chako kimekuacha kabla hujakizoea. Huku tu wazima, kwa maana ya watu wanaokula na kulala. Lakini kuna jambo, nami naliandika kwa haraka, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Unajua ile kamusi ya Kiingereza niliyonunua haina jalada. Huwa naisoma saluni wateja wakipungua, na Baba kutoka kwenye kiti chake hunitania kwamba ni hadithi ndefu isiyo na mtu hata mmoja. Juzi nikafika kwenye neno pupil. Nilijua ni mwanafunzi. Kumbe ni mboni pia, kile kitundu cheusi katikati ya jicho. Kamusi ikaeleza kwamba maana zote mbili zimetoka nyumba moja, kwenye Kilatini: mtoto aliye chini ya mlezi, na mwanasesere. Mwanasesere, kwa sababu ukimsogelea mtu ukamtazama jichoni, unajiona mwenyewe mle ndani, mdogo wa kuchezewa.

Nikawasomea waliokuwepo. Fundi Bomba, aliyekuwa kwenye kiti cha Baba na povu hadi masikioni, alisema hao Walatini inaonekana hawakuwa na kazi. Hata hivyo aliinuka na kitambaa chake shingoni, akamkabili muuza viatu wa mlango wa pili, pua kwa pua, watu wazima wawili wenye vitambi, mpaka akapiga kelele kwamba amejiona, tena amekonda. Saluni nzima ilivunjika mbavu. Nami kwa kiherehere changu nikasema sasa ni zamu ya Baba. Baba akaniambia niache upuuzi, nikafagie nywele. Nikadhani ni utani. Nikamshika kidevu kama yeye anavyowashika wateja, nikamgeuzia uso dirishani.

Dada, sikujiona. Jicho la kulia lilikuwa na weupe mzito, kama kioo cha bafuni kilichojaa mvuke. La kushoto vilevile. Kicheko kikanikauka mdomoni. Nikamwuliza kama ananiona. Akajibu kwa ukali kwamba anaona vizuri sana, tena nimevaa shati langu la bluu. Nilikuwa nimevaa jeupe. Na wembe ulikuwa mkononi mwake, wazi.

Niliwageukia wateja nikidhani nao wamepigwa na butwaa. Muuza viatu alikuwa anatazama sakafu. Fundi Bomba alirudi kitini, akaushika mkono wa Baba taratibu, akauweka juu ya shavu lake, akasema haya mzee wangu, tuendelee, bado upande huu. Walijua! Wote walijua. Ndiyo maana kila anayeingia hujitangaza kwa sauti kama yuko mnadani. Ndiyo maana Bomba, ambaye nilimwona ndiye mteja msumbufu kuliko wote, kila siku hunung'unika kwamba amebakishiwa ndevu chini ya sikio. Kumbe halalamiki, anamwongoza. Nilipomvuta nje na kumwuliza vipi anaweka koo lake chini ya wembe wa mtu asiyeona, alinijibu kwamba Baba hajawahi kumkata. Mimi, na macho yangu haya, nimeshamkata.

Nami nasimama kiti cha pili kutoka kwake! Alipokuwa akinikabidhi mashine moja baada ya nyingine, akabaki na wembe tu, nilijipiga kifua kwamba nimefuzu. Nilikimbia kwa Mama. Mama alinishangaa mimi. Alidhani najua siku nyingi, maana hakuna jambo la mtaa huu linalonipita.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho, amenuna njia nzima. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Wanaweza kumpasua la kulia Jumatatu ya mwisho wa mwezi, ila daktari hakuahidi kitu, maana nyuma ya ule weupe haoni kulivyo. Baba akakataa katakata. Alisema sasa vidole vyake vinaijua kazi na watu bado wanamwita kinyozi. Wakimpasua ikashindikana, ataitwa kipofu, na kiti chake nitakirithi mimi.

Hapo ndipo Mama alipomwuliza, mbele yangu, kama ameridhika kufa bila kumwona mjukuu wake. Dada, nilitaka kucheka. Si ulimleta binti yako hapa akiwa mchanga? Si Baba alimpakata, akampitisha kidole usoni polepole, akatangaza kwamba pua ni yako na ukaidi ni wa shemeji? Tulishangilia sote. Hakuwa anamwona. Hajamwona mpaka leo.

Baba akasema atakwenda, ila wewe usiambiwe, usije ukasafiri unalia kwa jambo ambalo pengine halitafaulu.

Mpe shemeji mkono wangu. Mama anakusalimu. Baba hakusalimu, kwa kuwa hajui kama nakuandikia.

Naandika haya hapa hapa saluni, naye ameketi mbele yangu ananoa wembe. Ameniuliza sasa hivi karatasi hiyo inayokwaruza ni ya nani. Nimemwambia ni barua kwa mwenye nyumba, kuhusu paa linalovuja. Amenoa kidogo. Halafu amesema basi nimwambie huyo mwenye nyumba, akija, asimwache mtoto.

Mdogo wako,
Mzee wa Kamusi