Msimu Niliomwachilia Yusuf

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Nimetoka godauni kule Industrial Area na tope limeingia hadi kwenye soksi. Chai, mkate, miguu ndani ya beseni la maji moto. Goti la kushoto linalalamika kama kawaida yake ya masika.

Safari hii zamu ya kuandika tathmini ni yangu. Otieno ametangaza kwenye grupu kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kila msimu wa ligi yetu ukiisha, mmoja wetu huandika jinsi tulivyosajili wachezaji huru, nani aliokota dhahabu na nani alibeba gunia la mchanga. Kisha husoma mbele ya wote pale Soko la Burma, nyama ikiwa mezani. Ni siku ya kutukanana kwa mapenzi.

Ligi yenyewe ni ya kompyuta. Mpira wa vikapu usio na mpira. Programu inacheza mechi, sisi mameneja tunasajili, tunapanga vikosi, tunagombana. Mimi nina Mabati ya Ziwani. Otieno ana Reli ya Kaloleni. Hassan ana Taa za Pumwani, na kompyuta ni yake. Wachezaji wengi wamebuniwa na programu yenyewe, ila siku ya kwanza kila mmoja wetu alijiumba mle ndani, kwa urefu wake na ubovu wake, na tukakubaliana kwamba mtu hawezi kujisajili mwenyewe. Mimi naozea kwenye benchi la Otieno.

Nimeanza na Mlingoti, usajili wangu mkubwa. Mrefu kuliko mlango wa kanisa, mikono ya sabuni. Nilimpa mkataba kwa sababu ya urefu tu, kama mtu anayenunua suruali bila kuijaribu. Nimejitukana ukurasa mzima. Raha sana.

Jumatano, 7 Mei

Nimemaliza ya Otieno. Alisajili walinzi watatu kwa sababu wote wanatumia mkono wa kushoto, na yeye pia ni wa kushoto. Hakuna sababu nyingine. Atakoma.

Sasa nimefika kwa Yusuf na kalamu imesimama.

Yusuf alikuwa mdogo wake Hassan. Alijiumba mle ndani pamoja nasi. Mwaka ule wa barakoa kifua kilimshika, na wiki haikuisha kabla hatujamzika. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kwenye programu aliendelea kucheza. Msimu wa mle ndani ni miezi michache tu ya kwetu, kwa hiyo wachezaji huzeeka mbio. Kila mkataba wa Yusuf ulipoisha, Hassan alimsajili upya, na sisi wengine tulijifanya hatumwoni kwenye orodha. Hakuna aliyewahi kuisema hiyo kama sheria. Tulijua tu.

Kabla ya msimu huu kuanza, mimi nilimwona. Maombi yetu ya usajili huwa ya siri, na la kwangu likalishinda la Hassan. Nilijiambia kwamba Hassan anamweka benchi kama picha ya ukutani, mimi nitamchezesha. Uongo. Nilimtaka. Tangu sekondari tulicheza naye kwenye uwanja wa nyuma ya ukumbi, na sijawahi kupokea pasi kama zake. Hata nikiwa nimempa mgongo, mpira ulinikuta mkononi.

Hassan aliniandikia neno moja tu. "Mtunze."

Alhamisi, 8 Mei

Sikumtunza.

Katikati ya msimu Mlingoti alivunjika mguu. Nilihitaji mtu mrefu haraka, fainali nilikuwa naziona kwa macho. Kikosi kilijaa. Lazima mmoja atoke. Yusuf alikuwa amekuwa mzito, hakimbii tena. Nilimwachilia saa ya chai, nimejificha nyuma ya maboksi ya sabuni nisionekane nikiwa na simu.

Desturi yetu ni kwamba ukimwachilia mchezaji, unasema kwenye grupu kabla dirisha halijafungwa jioni, ili anayemtaka amchukue. Sikusema. Niliona haya. Ningeandikaje, "Nimemwachilia Yusuf"? Nikadhani Hassan atamwona mwenyewe na kumchukua kimya kimya, na hakuna atakayehitaji kulizungumza. Tangu siku hiyo sikuthubutu kufungua ukurasa wa timu yake.

Fainali nilishindwa hata hivyo.

Leo nimeufungua, nipate namba za Yusuf za mwisho wa msimu. Simwoni. Labda nimechoka.

Ijumaa, 9 Mei

Hayumo Pumwani. Hayumo kwenye kikosi chochote. Hayumo kati ya wachezaji huru.

Yumo kwa wastaafu. Mchezaji mzee akikutwa hana timu dirisha likifungwa, programu humstaafisha yenyewe, na mstaafu harudi. Miaka thelathini na minane. Timu ya mwisho, Mabati ya Ziwani.

Hassan hakumchukua kwa sababu hakujua yuko nje. Hakujua kwa sababu mimi sikusema.

Nasikia joto usoni nikiwa peke yangu chumbani. Miezi yote hii Hassan amekuwa akiniandikia "sawa" na "poa" kwenye grupu. Lazima anajua. Kwa nini hajasema kitu?

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda dukani kwake Eastleigh, anakouza mapazia, nimwombe msamaha. Nilikuwa nimejikaza njia nzima.

Mama yao alikuwepo, ameketi juu ya robota la vitambaa. Nikamwamkia. Akanishika mkono na kuanza kunisimulia, uso umechangamka. "Yusuf kawika msimu huu, Wambui! Hassan kanisomea. Mechi ya mwisho peke yake kafunga ishirini na moja."

Hassan alikuwa anakunja pazia. Hakugeuka. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Nilikuwa najua kwamba kila Ijumaa, baada ya swala, Hassan hula kwa mama yake na kumsomea namba za Yusuf. Tangu wiki niliyomwachilia, amekuwa akizitunga.

Nimenunua pazia nisilolihitaji. La zambarau. Baya.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemkasirikia Hassan. Najua sina haki. Angenitukana ningepumua. Badala yake ameninyamazia miezi yote hii, ananitazama nikijigamba na fainali yangu ya bure.

Tathmini sijaigusa.

Jumatano, 14 Mei

Nimempigia Otieno na kumweleza yote. Hakutania, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Si tuunde Yusuf mwingine? Jina lilelile, urefu uleule. Mathe wa Hassan hawezi jua."

Nimejaribu kwenye nakala yangu ya programu. Nimeandika jina, nimeweka urefu, nimeweka Pumwani. Programu ikanipa kijana wa miaka kumi na tisa mwenye nywele za kusuka, anayependa kurusha kutoka mbali. Pasi, hafifu.

Nimemfuta. Nilijisikia mchafu kama mtu aliyevaa nguo za marehemu bila ruhusa.

Ijumaa, 16 Mei

Mchana Hassan ameandika kwenye grupu. "Sitaendesha msimu mpya. Ligi imeisha. Asanteni." Wengine wakaanza kupiga kelele, Otieno akatuma picha kumi za watu wanaolia. Mimi nikaomba ruhusa mapema, nikaenda dukani.

Safari hii alinitazama.

"Ulikuwa na simu, Wambui," akasema. "Line moja tu kwa grupu. Nilimpata kwa wastaafu nikitafutia mathe namba zake. Hivyo ndivyo nilijua."

Nikamwambia nilidhani angemchukua.

"Ningemchukua aje na sikujua yuko nje? Sasa mathe ananiuliza msimu unaanza lini, na Yusuf atachezea nani. Nimwambie nini? Ati ameenda tena?"

Hapo ndipo nilisema neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Nilisema, "Lakini Hassan, ni mchezo tu."

Akaniambia nitoke dukani kwake. Hakupaza sauti.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani sikusikia kitu. Nimepitia uwanja wa nyuma ya ukumbi. Ringi moja haina wavu, nyingine imeinama. Maji yamesimama pale ambapo Yusuf alipenda kusimama.

Nimemkumbuka mpaka nikaketi chini kwenye saruji iliyolowa. Sijawahi kumlilia vizuri. Msibani nilikuwa napanga viti. Baadaye nikawa naona jina lake kwenye orodha kila wiki, najiambia yupo.

Nilimsajili kwa sababu hiyo. Nilitaka jina lake liwe kwangu.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda kwa Mama Hassan. Hassan hajui. Nimekwenda kwa sababu siwezi kumwacha aendelee kubeba uongo ulioanzia kwangu.

Alikuwa anachagua mchele. Akanisogezea sinia, nichague naye, ndivyo alivyo, haachi mgeni akae bure. Nikamwambia nikiwa nimeinama. Kwamba Yusuf hachezi tena, kwamba nilimtoa mimi, kwamba sikumwambia Hassan kwa wakati na sasa harudi.

Akaendelea kutoa mawe. Kisha akaniuliza kwa ukali, "Ulimtoa kwa nini?"

Nikasema nilitaka kushinda.

"Na ulishinda?"

"Hapana, Mama."

"Afadhali." Akatupa jiwe nje ya mlango. "Kudanganywa najua nadanganywa. Pointi ishirini na moja! Yusuf? Mwanangu hakuwa mfungaji, alikuwa mpaji. Hata sahani ya chakula huyo alikuwa anapitisha kwa mwenzake kwanza. Nikanyamaza, kwa sababu Hassan hamtaji nduguye siku nyingine yoyote. Ijumaa tu, kwa huo mchezo wenu. Mimi mpira siujui. Namsikiliza Hassan akitamka jina la nduguye."

Nilikuwa sioni mchele tena.

Akauliza Yusuf ameacha kucheza akiwa na umri gani. Nikamwambia, thelathini na minane.

Mikono yake ikasimama kwenye sinia. "Thelathini na minane," akasema. Akalirudia, polepole. "Huko kwenu kazeeka basi. Kazeeka mwanangu, mpaka wakamwambia kapumzike." Akacheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Akayafuta kwa ncha ya leso.

Akanipa chai. Akaniambia Hassan aje amweleze mwenyewe, kwa mdomo wake, na asilete namba za kutunga nyumbani kwake. Mimi hakuniambia nimesamehewa. Aliniambia mchele wangu una mawe, nirudie.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwandikia Hassan kwamba nimemwambia mama yake. Amesoma. Hajajibu.

Jumamosi, 24 Mei

Burma. Moshi, mafuta, kelele za visu kwenye magogo. Otieno alikuja na fulana ya Reli aliyoichapisha mwenyewe. Kiti cha Hassan kilikuwa kitupu na hakuna aliyekikalia.

Nikaanza kusoma. Mlingoti aliwavunja mbavu. Walinzi wa mkono wa kushoto, Otieno akajificha uso kwa karatasi ya nyama. Hassan akaingia nikiwa hapo. Akavuta kiti, akanawa mikono, akaanza kula.

Ya Yusuf niliiweka mwisho. Fupi. "Yusuf, mlinzi. Pumwani, kisha Ziwani. Alisajiliwa na mtu aliyemkosa sana, akaachiliwa na mtu huyohuyo bila neno kwa wenzake. Usajili wangu bora, nami meneja wake mbaya kuliko wote. Amestaafu akiwa na miaka thelathini na minane. Hakuna mle ndani aliyetoa pasi nyingi kumshinda."

Niliogopa kuinua kichwa.

Hassan alikuwa anatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akamwita mhudumu aongeze kachumbari, na bakuli lilipokuja akalisukuma upande wangu.

Nikaila yote, na pilipili zake.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekata. Nimetoka kazini mapema, nimefua sare, nimeanika.

Jumanne Hassan alifungua dirisha la usajili bila maelezo yoyote. Mkataba wangu mle ndani ulikuwa umeisha na Otieno hakuutaka tena, mnafiki yule. Mlinzi mzee, goti bovu hata kwenye programu. Nilijiona kwenye orodha ya wachezaji huru na nikajua la kutarajia, ustaafu.

Jana dirisha lilifungwa. Wambui, Taa za Pumwani.

Leo mchana, saa ya chakula, Hassan ameniandikia kutoka kwa mama yake. "Mathe anauliza umefunga ngapi."

Nimefungua namba za mechi ya kwanza, nikatazama. Nikamjibu, "Sifuri. Pasi tatu."

Akaandika, "Sawa, namwambia hivyo hivyo."

Nimelishusha lile pazia la zambarau kutoka juu ya kabati na kulitundika dirishani. Si baya sana.